Pale Tusipolima

Baba Alimasi,

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila mara ninainuka. Ninakwenda kutazama chungu ambacho hakihitaji kutazamwa, ninafukuza kuku ambaye hajaingia ndani, ninarudi kukaa. Ukiona maneno yanarukaruka, ujue mwandikaji ndiye anayerukaruka. Unanijua. Mama yako alikuwa akisema kwamba mimi nikikaribishwa kiti, kiti ndicho kinachochoka kuningoja.

Najua ungependa nikutumie sauti kwenye simu kama kawaida, uisikilize ukiwa unaendesha gari kwenda kazini. Safari hii hapana. Sauti zangu unazisikiliza nusu, kisha unanijibu nusu nyingine ambayo sikuisema. Na tena wewe ndiye uliyeanza. Maneno yako kunihusu mimi mkeo uliyaweka kwenye kundi la familia, yakasikilizwa huku Baraka, Fizi, Mboko, Kigoma, na huko kwenu Amerika kwenye baridi. Basi na yangu nayaweka hapo hapo, wazi, kila mwenye simu asome. Shangazi yako Nyassa, ambaye hasomi, atasomewa na wajukuu. Wasimrukishe hata mstari mmoja.

Ulisema hivi. Nimekusikiliza mpaka mwanetu Riziki akaninyang'anya simu, akasema nitaimaliza betri.

"Bandugu, munisaidie kuongea na Mama Riziki. Dossier, ile faili ya kuja huku, imeisha, inangojea yeye na mutoto tu. Ule mama wa ku biro ya bakimbizi ananiuliza kila wiki: bibi yako anakuja lini? Juzi amesema bibi yangu iko na-balk. Mi nilisikia haya. Mumuambie, kama mvua hii inapita hajakuja, batafunga dossier. Na mi vilevile nitafunga."

Hapo kila mtu kwenye kundi akawa mtaalamu wa Kiingereza. Binamu yako wa Mboko alisema neno hilo ni la mahakamani. Mwingine akasema lina maana ya mwanamke mwenye mtu wa pili. Shangazi Nyassa aliuliza kama ni laana, na kama ni laana, nani huku ana dawa yake. Mimi nilikaa na neno lile kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshikie, mwenyewe akaenda zake. Huwezi kumweka chini, na hujui anaitwa nani.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa Mwalimu Elia. Ndiye yule yule aliyetufundisha Kiingereza sisi wote wawili, wewe ukikaa nyuma ukichora mitumbwi. Bado anafundisha. Nilimkuta barazani akipigilia mguu wa kiti.

"Mwalimu, balk ni nini?"

Aliacha nyundo. "Nani amekuita vile?"

"Nimeuliza maana, sikusema mi ndiye nimeitwa."

"Muntu haachi chakula ya Jumapili juu ya neno ya muntu mwingine," akasema, akaingia ndani kuleta kamusi yake, ile nene isiyo na jalada, aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli.

Akafungua, akatembeza kidole. Akasema ni farasi. Farasi anakimbia vizuri, anafika mbele ya kizuizi, anasimama ghafla, hataki kwenda, hata umpige.

"Mi sijaona farasi hata siku moja."

"Hata mi. Lakini mbuzi wa kupakia mutumbwi unamujua."

Namjua sana. Wewe pia unamjua: yule anayepelekwa ng'ambo Ubwari kwa mahari ya mtu, ambaye amefuata kamba kwa heshima tangu nyumbani, na akifika majini anapanda miguu yote minne kwenye mchanga, na wanaume watatu wanakuwa watoto mbele yake. Nilicheka ingawa nilikuwa na hasira. Nilimwona yule mbuzi, nikakuona na wewe mbele yake, kamba mkononi, shati limetoka kwenye suruali.

Nikamshukuru, nikainuka. Akaniambia, "Kaa kwanza. Haijaisha. Neno iko na babu yake."

Sikutaka babu wa neno. Nilitaka kwenda nyumbani kukujibu kwamba mbuzi naye ana akili, kuna siku boti zinazama. Lakini Mwalimu Elia ukimwachia kamusi ni kama kumwachia mvuvi wa ndagala ziwa lililotulia. Alikuwa ameshashusha miwani.

"Zamani sana, mbele ya farasi," akasema, "ile neno ilikuwa udongo. Ni pale balikuwa banaacha kulima kati ya shamba na shamba. Jembe inafika, inapita juu, haigusi. Ile kipande inabaki katikati na majani yake."

Nilikaa, Baba Alimasi. Sikujua kwamba nimekaa mpaka niliposikia kile kiti kibovu kikilia.

Aliendelea kunisomea. Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini waliokuja na mashua, na kwa hao lilikuwa kitu chochote cha kugawa, kama ukuta kati ya vyumba. Kwa Waingereza likawa kile kipande cha ardhi. Likawa pia boriti ya nyumba. Kutoka hapo likawa kitu chochote kinachokaa njiani na kukuzuia. Mwisho likamfika yule anayesimama mbele ya kizuizi na kukataa kuvuka. Na njiani humo lilipata jina baya, kwa sababu mkulima aliyerukisha jembe kwa uvivu alichekwa na wenzake, alionekana kama mtu aliyepoteza ardhi nzuri.

"Na pale kwenye kipande," nikamuuliza, "balikuwa banaweka nini?"

Alitafuta, akageuza ukurasa, akarudi. "Kitabu haisemi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Wenye pikipiki waliniita, "Mama Alimasi, panda," nikawapungia mkono tu. Nisingeweza kukaa juu ya kitu.

Unajua nilikuwa ninafikiri nini njia nzima. Shamba la baba yangu na shamba la baba yako, pale juu kwenye njia ya kupanda Fizi. Kabla sisi hatujazaliwa wazee wetu waligombana juu ya mpaka, kila mmoja akisema mwenzake anaiba, pigo moja la jembe kila msimu, kidogo kidogo, kama panya kwenye gunia. Walipochoka kupelekana kwa chifu walikubaliana kuacha kipande katikati, upana wa mikeka miwili, ambacho hakuna atakayelima. Watu waliita mupaka, na sisi tukaita hivyo hivyo. Mawe na visiki vyote tulitupa pale. Na kwa kuwa hapakulimwa, ndipo pakawa mahali pa kusimamishia mbegu ya muhogo. Miti inakatwa, inafungwa vifungu kwa kamba ya mgomba, inasimamishwa kivulini, miguu kwenye udongo, ingoje mvua. Mlikuwa na upande wenu, nasi tulikuwa na wetu.

Siku ya kwanza nilipokutazama vizuri ulikuwa umebeba kifungu chetu begani.

"Ile ni ya kwetu," nikasema.

"Iko na jina?"

"Iko na kamba. Kamba ni ya mama yangu, naijua namna anafunga."

Uliishusha, ukaitazama ile kamba kama jaji. Ukaifungua pole pole, ukanipa. "Basi kamata kamba ya mama yako," ukasema, ukaondoka na muhogo. Nilikasirika siku nyingi, na katikati ya hasira ile nikagundua kwamba nimeanza kwenda shambani hata siku ambazo hakuna kazi.

Halafu vita. Sitaandika habari ya vita, kila mtu kwenye kundi hili ana yake ya kumtosha. Naandika tu kwamba tulivuka ziwa kwenda Ubwari, familia yenu na yetu katika mtumbwi mmoja, wazee wawili waliogombea pigo la jembe wakiwa wamekaa goti kwa goti. Ubwari tulikula samaki mpaka tukawa tunaota ugali. Wewe ulikuwa ukinieleza ugali wa mama yako jioni, jinsi unavyotoka moshi, mpaka watu wakakuomba unyamaze.

Tuliporudi, mashamba yalikuwa pori. Muhogo wote ulikuwa umeng'olewa na waliopita, hata ile michanga. Mama yangu alikaa chini akashika kichwa. Mama yako hakukaa. Alipita katikati ya majani mpaka kwenye mupaka, tukamsikia akituita. Vile vifungu tulivyosimamisha na kuviacha vilikuwa vimetoa majani, vimeshika mizizi, vimekuwa kichaka kirefu kuliko mtu, chenu na chetu vimeingiliana, kamba zimeoza. Watu wa mlima mzima walikuja pale kukata mbegu. Mama yako alisimama na panga akiwagawia, hakuuliza hiki ni cha upande gani.

"Pale hatukulima," alisema, "ndiyo panatulisha." Kisha akawagombeza watu wapange mstari.

Tulioana muhogo ule ulipokomaa. Wazee wakasema sasa nyumba ni moja, mupaka ulimwe. Ni mama yako aliyekataa. Alisema batu ndiyo banaoana, mashamba hapana. Ulinifinya chini ya meza nisicheke, nami nikacheka. Tangu siku ile akaniita kichwa nguvu, kama vile yeye mwenyewe ana kichwa cha ugali.

Halafu Alimasi.

Hapa nimeinuka, nimekwenda hadi mlangoni, nimerudi. Sitaki kuruka.

Alikuja na mvua, mnene, na masikio yako. Shangazi Nyassa alisema mtoto huyu masikio yametangulia, mwili utafuata. Hakujua kukaa bado. Homa ilimshika, tukamteremsha Baraka kwenye dawa, tukarudi naye tukiwa tumemfunika. Baba yako alitaka azikwe chini karibu na kanisa. Wewe ulichukua jembe, ukapanda mpaka kwenye mupaka, ukachimba mwenyewe. Mdogo wako Sango, aliyekuwa kijana tayari, alibeba jiwe begani kutoka mtoni bila kutumwa na mtu. Nilikuuliza kwa nini hapa. Ulisema, "Hapa jembe haitamufikia."

Nimeyaandika maneno hayo kama ulivyoyasema. Sikuongeza kitu.

Tangu siku hizo watu wananiita Mama Alimasi. Pale sokoni ninapouza ndagala, wananiita kabla hata hawajaniona: Mama Alimasi, leo umeleta kavu au mbichi, Mama Alimasi, niwekee, Mama Alimasi, unatupunja. Watoto waliozaliwa jana wananiita hivyo na hawajui Alimasi ni nani. Mtoto ambaye hakuwahi kusema neno, jina lake linaitwa sokoni Baraka kila asubuhi, tena kwa kelele. Sikuwahi kukuambia kwamba ninapenda kelele ile. Siku nikiumwa na kubaki nyumbani, ndicho kitu ninachokikosa.

Mambo yalipoharibika tena ulivuka wewe kwanza, kwenda kututafutia mahali Kigoma. Mama yako hakuwa mtu wa kubebwa tena, na mimi nilibaki naye na Riziki mgongoni. Kambini jina lako likaingia kwenye faili la mjomba wako, na faili la mjomba likaitwa kwenda Amerika. Ulinipigia simu ukilia, ukaniuliza uende au usiende. Mimi ndiye niliyekuambia nenda. Sikulaumu kwa hilo, na wanaosoma hapa wasikulaumu. Mama yako nilimzika mimi na Sango, ulilipia kila kitu, ulikesha kwenye simu mpaka watu walipotawanyika. Umekuwa baba, hata kwa mbali.

Ila sijui ni lini uliacha kuniita jina langu. Mwanzoni, ulipoanza kusema Mama Riziki, nilidhani umekosea. Halafu nikaelewa kwamba huko karatasi zinamjua Riziki tu, na mtu akijibu maswali ya karatasi kila wiki, ulimi unazoea. Nilingoja uzoee kurudi. Nimengoja muda mrefu kuliko ninavyoweza kungoja kitu chochote.

Usifikiri sikujaribu kuja. Nimefungasha sanduku, waulize majirani. Niliweka vitenge, nikaweka ndagala kavu, nikaondoa ndagala kwa sababu Riziki alisema ndege nzima itanuka, nikazirudisha, nikaondoa sanduku lenyewe. Nilishuka ufukweni kuona boti za Kigoma zinavyopakia. Nilisimama pale mpaka kijana wa boti akaniuliza, "Mama, unapanda ao unahesabu batu?" Nikamwambia ninahesabu. Riziki ananifundisha Kiingereza cha kusalimia, anacheka mdomo wangu. Kuna siku niliamka nimeamua kwenda, na mpaka maji ya chai yanachemka nilikuwa nimeamua kubaki.

Basi juzi nilipanda shambani, angalau miguu ifanye kazi. Kabla sijafika nilisikia jembe. Jembe la mtu wa nyumbani unalijua. Nilifurahi, nikafikiri Sango amekuja kunisaidia kufungua sehemu ya chini kabla mvua haijashika.

Alikuwa kwenye mupaka. Alikuwa ameanza upande wa bondeni, amefungua udongo mwekundu ambao hakuna aliyewahi kuuona. Vifungu vya mbegu amevilaza pembeni.

"Sango, unafanya nini?"

Hakuinua macho. "Yaya amenituma." Ni wewe huyo, kaka yake.

"Amekutuma nini?"

"Nilime mupaka. Alisema shamba ikiwa moja, hautabaki na kitu ya kulinda. Utaenda."

Nilikaa chini. Kukaa kwangu hakukuwa kwa kumzuia, usije ukaambiwa hivyo. Miguu ilikataa. Nilikaa kwenye majani ambayo yalikuwa bado hayajalimwa, nikamwambia, "Lima basi. Mi sina nguvu ya kugombana na muntu ametumwa."

Akalima. Sango akilima hatazami pembeni, unamjua, kama ng'ombe wa watu wa juu mlimani. Alipandisha polepole kuja upande wangu, udongo ukigeuka, na mimi nikawa ninauvuta ukucha wa kidole mpaka ukaniuma. Nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba nikiifunga kamba ingevuta boti. Nilitaka kukupigia saa ile ile, usikie jembe lenyewe kwa sikio lako. Simu ilikuwa na moto, betri imejaa. Sikupiga, kwa sababu nilijua ungeniambia ni kwa ajili yangu, na ungekuwa unasema kweli. Ndilo linaloniumiza zaidi. Ulifanya jambo hili kwa kunipenda.

Akafika kwenye jiwe la Alimasi.

Jembe lilikuwa juu. Alilishusha bila kulipiga, akalilaza begani. Akazunguka jiwe, akapita upande wa pili, mbali kidogo, akaanza kulima kutoka pale, mgongo ametugeuzia sisi. Alimaliza mpaka juu kabisa. Katikati kikabaki kipande, upana wa mkeka mmoja, na jiwe, na majani yake, na mashina machache ya muhogo wa zamani.

Alikuja akakaa karibu yangu, akajifuta uso. Halafu akasema, "Sikuuliza yaya juu ya jiwe. Niliogopa atanijibu."

Na mimi sikuulizi, Baba Alimasi. Ninakukumbusha tu.

Baadaye aliinuka, akakusanya vile vifungu alivyovilaza, akavisimamisha vyote pale kwenye kipande, kimoja kimoja, akivikandamizia udongo kwa kisigino. Vilijaa mpaka jiwe likawa halionekani. Alipochukua jembe lake kwenda alisema, "Umuambie yaya nimelima." Nikamwambia nitamwambia alivyolima. Akageuka. "Muambie yote," akasema. Kwa hiyo asigombezwe. Ameniruhusu.

Nilikumbuka kamusi ya Mwalimu Elia, jembe linafika, linapita juu, haligusi. Nimemwambia Mwalimu leo asubuhi nini tunaweka pale. Alikaa na kalamu yake akatafuta nafasi pembeni ya ukurasa, akaandika kwa herufi ndogo: mbegu. Sikumwambia cha pili.

Sasa jibu langu.

Mwambie yule mama wa biro kwamba ni kweli. Simjui, sina ugomvi naye, anafanya kazi yake. Nimefika majini na nimekataa kupanda. Wewe lakini unastahili sababu, na sababu yenyewe siyo shamba. Shamba Sango angelilinda. Hata mbegu watu wangekata wenyewe, wanajua mahali. Ninaogopa. Ninaogopa kufika mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja atakayeniita Mama Alimasi. Hapa anaitwa kila siku. Huko aliyebaki wa kumwita ulikuwa wewe, na wewe umeacha. Nimejaribu kujiona nikitembea kwenye njia zenu zile zilizonyooka, nimevaa koti, nikiitwa jina la karatasi na watu wazuri wanaotabasamu. Kila nikijiona huko, mikono yangu haina kitu.

Riziki atakuja. Nilimuuliza bila kumsukuma, na alifagia uwanja mzima kabla ya kujibu, maana anajua mama yake. Anataka kukuona uso mzima, siyo uso unaokatika mtandao ukikatika. Ni haki yake, na mimi sitamfanya mtoto aliye hai alipie aliyekufa. Sango atavuka naye mpaka Kigoma, amkabidhi kwa ndugu wanaopanga safari. Akikuambia hasikii baridi, anadanganya. Akicheka amefunika mdomo, amekasirika. Ugali wa unga wa mahindi hataupenda, umpe siku chache, usimlazimishe. Na umweleze habari za kaka yake wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, hata kama ni masikio tu. Mimi nimemweleza kwa upande wangu.

Nimeandika sentensi hizo haraka ili nisiinuke. Sasa nimeinuka.

Nimerudi. Ulisema mvua ikipita utafunga. Faili, lifunge, wangojao nafasi ni wengi. Lile lingine ni mlango wako, siwezi kukushika mkono kutoka Baraka. Upande wangu mimi sijafunga. Sijui ndoa ya watu wawili walio mbali hivi inaitwaje kwa Kiingereza, na safari hii sitamuuliza Mwalimu.

Mvua imeanza juu ya Fizi, tunaiona kutoka hapa mlangoni, bado haijateremka. Kesho ninapanda na panga. Watu wa mlima wameshanitumia salamu kwamba wanakuja kuchukua mbegu, na mwaka huu mashamba mengi yameugua, majani yamejikunja, kwa hiyo watakuwa wengi na nitawagombeza wapange mstari. Vifungu vyenu na vyetu siku hizi sivitofautishi tena. Siku ukichoka na huko, au ukistaafu, au ukija kuzika mtu, pita pale uchukue kifungu chako. Nitabaki na kamba, nimezoea.

Ukinijibu, nijibu hapa hapa kwenye kundi, wote wasikie kama walivyosikia lile la kwanza. Huna haja ya kueleza mambo mengi. Anza tu kwa kuniita.

Mkeo,
Mama Alimasi